Meneja Nyuma ya Pazia

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na watoto wako wote wa darasani, wenye mafua na wasio na mafua. Huku kwa kaka hatujambo. Yeye yuko safarini na lori kama kawaida. Akirudi anakuwa kama mgeni, anakula, analala, anaaga. Wifi bado yuko kiwandani, upande wa kukunja na kupakia mashati. Anasema akifumba macho anaona kola. Baba aliandika kwamba mguu umepungua kuvimba na ameanza tena kumgombeza jirani, kwa hiyo amepona. Mimi nimemaliza mitihani, nasubiri matokeo. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, Shangazi, na nimefaulu kunyamaza katika zote mbili.

Ningekupigia simu lakini unanijua. Simu ikiita, mimi huitazama mpaka ikate.

Jambo lenyewe ni Meneja. Ukiwa umesahau, hilo ndilo jina tulilompa mtoto wa kaka tangu alipoanza kutembea mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayekagua kazi za wengine. Sasa ana miaka miwili na nusu. Wifi akienda kazini mimi ndiye ninayebaki naye. Wiki iliyopita alimwaga unga wote sakafuni, akaumiminia maji ya kunywa, akaukoroga kwa mguu. Siku iliyofuata alitoa nguo zote kabatini akaingia yeye. Wifi aliporudi alisimama mlangoni na mkoba wake begani, na hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema taratibu tu:

"Wifi, mimi sikulaumu, wewe mwenyewe bado mtoto. Lakini yule mama anayelea watoto karibu na kiwanda ana nafasi mwezi wa saba. Nampeleka."

Pale mahali nimepaona. Watoto wanakaa kwenye mikeka mbele ya televisheni kuanzia asubuhi. Yule mama si mbaya, ila ana watoto wengi na mikono miwili. Meneja ataketi pale akitazama katuni mpaka asahau kukagua. Sitaki aende, Shangazi. Na nikisema ukweli wote, sijui mchana katika nyumba hii bila yeye nitakaa na nani.

Wewe una chumba kizima cha watoto na hakuna aliyewahi kusikia umepaza sauti. Huwa unawafanyia nini?

Mimi,
Konokono

25 Februari

Konokono wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba nyingi. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, ilipofika kwenye unga ikabidi nikae ili nicheke vizuri.

Huku tunasukuma siku. Paa la darasa lilivuja, fundi akaja, sasa linavuja mahali pengine na fundi anadai hayo ni maendeleo. Kuhusu simu, hata usijisumbue. Barua ni nzuri zaidi. Barua naielewa.

Sasa huyo Meneja. Mtoto huyo si mharibifu, hana ajira. Mtu mzima akikosa kazi anakaa kibarazani anatafuta ugomvi. Mtoto akikosa kazi anatafuta unga. Mpe kazi, na iwe kazi ya kweli. Usimpe kikombe cha kuchezea, mpe kikombe. Anajua tofauti kuliko unavyofikiri.

Tafuta mahali pa chini ambapo mkono wake unafika bila kukuita. Hata kreti ya soda ukiilaza ubavu ni rafu. Weka vitu vitatu au vinne tu, kila kimoja kwenye trei yake. Anza na vibakuli viwili na kijiko, kimoja kina maharage, kingine kitupu. Ahamishe kutoka kushoto kwenda kulia mpaka yaishe, kisha ayarudishe. Hapo usimwache hata ukiitwa na rais, maana maharage hupenda pua. Akiweza hilo, jagi dogo na vikombe viwili, amimine maji. Pembeni weka sponji. Sponji ndiyo siri yenyewe: mtoto mwenye sponji hana haja ya kuogopa kumwaga.

Jambo moja ulishike. Ukionyesha, funga mdomo. Ukitaka kusema, weka mikono mapajani. Mtoto hawezi kukufuata mdomo na mikono kwa pamoja. Onyesha mara moja, polepole kuliko unavyoona ni lazima, halafu kaa pembeni na umwachie. Akikosea, acha akosee mpaka mwisho.

Walimu wengine nawapa mwaka mzima wajifunze kunyamaza. Wewe umezaliwa nako.

Nisalimie wifi yako. Mwambie kola zote duniani ni za wanaume, asijitie presha.

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na habari za mvua na za fundi. Hapa ni amani. Kaka alipita, akaacha ndizi na soksi chafu, akaondoka. Vyote viwili tumevitumia.

Nimefanya kama ulivyosema. Kreti mbili nimezilaza chini ya dirisha. Siku ya kwanza ya maharage alijaribu kutia moja sikioni, nikamwahi, akaniangalia kama mtu aliyeingiliwa ofisini kwake. Baada ya hapo, Shangazi, sikuamini macho yangu. Alihamisha maharage akarudisha, akahamisha akarudisha, ulimi nje, anapumua kwa nguvu kama fundi anayekaza bolti. Jikoni kisufuria kilianguka na yeye hakugeuka.

Maji aliyamwaga kwa makusudi kwanza, ili apate sababu ya sponji. Nikakaa pembeni nikiwa nimekalia mikono yangu mwenyewe isiende kumsaidia. Sasa anamimina mpaka ukingoni na kusimama hapo hapo. Soksi za kaka tumezifua, anazipanga mbili mbili. Ndizi anaikata kwa kisu butu cha siagi, kipande kimoja kwangu, kimoja kwake, kimoja anakificha. Nimemwonyesha pia kukunja vitambaa vidogo, pembe kwa pembe. Kazi hiyo anaipenda kuliko zote.

Wifi anarudi anakuta sakafu kavu na unga upo. Anasema, "Leo kalala sana?" Nasema hapana. Basi. Sijamweleza, nangoja aone mwenyewe. Mchana tunashinda wawili tu, mlango tumeufunga, na watu hawatusumbui.

Mimi,
Konokono

9 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yangu ya mwezi uliopita hujajibu. Labda posta, labda una mengi. Sote wazima, baba na mama wanakusalimu, sina habari nyingine za familia isipokuwa hii, na hii siwezi kumwambia mtu mwingine.

Juzi mashine iliharibika kiwandani na wifi akarudi mapema. Getini alikutana na muuguzi wa zahanati, yule anayepita nyumba kwa nyumba kupima watoto, wakaja pamoja. Wakapiga hodi. Hakuna aliyejibu. Wifi akafungua kwa ufunguo wake. Chumba kisafi, mkeka umetandikwa, rafu imepangwa, na watu hakuna. Kisha akatazama pazia la dirishani. Chini yake palikuwa na miguu minne, miwili mikubwa na miwili midogo.

Akalivuta pazia. Meneja alikuwa amesimama wima kando yangu na trei mikononi, jagi limejaa hadi ukingoni, vikombe viwili, sponji. Hakuna tone lililomwagika. Alikuwa anatazama sakafu vile vile ninavyoitazama mimi.

Muuguzi alicheka mpaka akashika mlango. Wifi hakucheka. Muuguzi akachuchumaa, akamuuliza mtoto jina lake. Meneja akafunika mdomo kwa kiganja. Muuguzi akainua kichwa: "Huyu huwa anawaogopa watu?"

"Sijui," wifi akasema. "Muulize shangazi yake."

Shangazi yake ni mimi.

Sasa ngoja nikuambie nilichokuficha mwezi uliopita. Niliandika kwamba watu hawatusumbui. Watu wanakuja, Shangazi. Ni mimi nisiyefungua. Hodi ya kwanza ilipopigwa tulikuwa katikati ya maji, nikashikwa na woga, nikaichukua trei nikaenda nyuma ya pazia, polepole, bila neno, maana ndivyo nilivyozoea kufanya kila kitu mbele yake. Yeye akadhani hilo nalo ni somo. Hodi ya pili sikuhitaji kubeba trei, aliibeba mwenyewe. Na si hilo tu. Kabla ya kumimina huwa anatazama mlango kwanza, halafu jagi. Nilidhani ni mchezo wake. Nikajichunguza: ni mimi ninayetazama mlango kwanza, kabla ya kitu chochote, hata kabla ya kunywa chai.

Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawasemi kwamba anachukua na yale ambayo hukumpa.

Usiku ule wifi alinong'ona na kaka kwenye simu, na asubuhi akaniambia kwamba jina la mtoto ameshaliandikisha kwa yule mama. "Kule angalau kuna watu," alisema. Labda ana haki.

Konokono

28 Aprili

Mwanangu,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, ile ya kicheko na ile ya kilio, na kwa bahati mbaya nikafungua ya kilio kwanza. Kwa hiyo marahaba ya kwanza na ya pili, zote hizi hapa. Sijakunyamazia. Ni posta.

Kwanza futa machozi, ukitumia sponji kama ipo karibu. Mtoto wa miaka miwili na nusu amebeba jagi lililojaa, amekwenda nyuma ya pazia bila kumwaga tone, halafu wewe unalia? Mimi nina watoto wa miaka minne wanaomwaga wakiwa wamekaa. Umefundisha vizuri mno, hiyo ndiyo shida yako. Kazi mbili umemfundisha kwa pamoja, kumimina na kujificha, na yeye hakuambiwa ipi ni ya bahati mbaya.

Usijaribu kumfuta lile la pili. Mtoto hafutiki. Mpe la tatu.

Kupokea mgeni ni kazi kama kumimina maji, ina hatua zake, na inaonyeshwa vile vile. Unasikia hodi. Unaweka jagi chini. Unafuta mikono. Unatembea mpaka mlangoni, hukimbii. Unafungua, unamtazama mtu usoni, unasema karibu. Unamwonyesha pa kukaa, unamletea maji. Darasani kwangu tunaifanya kila wiki, mmoja anatoka nje anakuwa mgeni, na wanagombania kuwa mgeni maana mgeni ndiye anayeketi.

Usimsukume mbele, na usimwambie "sema karibu, sema shikamoo". Mtoto anayeambiwa "sema" husikia amri, salamu haisikii. Fanya wewe, mbele yake, kila mara hodi ikipigwa. Yeye atatazama, na siku yake ikifika ataichukua kazi hiyo mkononi mwako kama alivyolichukua jagi.

Najua sasa umeshika kichwa. Unaona ningekuomba ubebe nyumba ingekuwa rahisi. Lakini sina njia nyingine ya kukupa, binti yangu. Maji hayaonyeshwi kwa jagi tupu.

Sauti ikikataa, anza na mikono. Fungua mlango tu. Neno litakuja nyuma.

Shangazi yako

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Kaka yuko nyumbani safari hii, amekaa siku kadhaa, Meneja anamkagua. Mama amepeleka mashine yake ya kushonea kwa fundi na fundi amepeleka mashine kwa fundi mwingine. Sisi wazima.

Hodi ya kwanza baada ya barua yako ilikuwa ya mtu wa kusoma mita ya maji. Niliweka jagi chini. Nikafuta mikono, nikaifuta tena. Nikatembea. Meneja alikuwa tayari amebeba trei anaelekea pazia, akasimama katikati ya chumba kuona shangazi yake anaenda wapi. Nikafungua. Neno lililonitoka niliviambia viatu vyangu, na nadhani viatu ndivyo vilivyolisikia. Yule mtu akasema, "Mita iko wapi, dada?" Nikaonyesha kwa kidole. Alipoondoka nikakaa chini. Meneja akaleta trei akaniwekea mbele. Akamimina kikombe kimoja akanipa.

Hodi ya pili ilikuwa ya jirani aliyekuja kuazima pasi. Nilimtazama mpaka kidevuni. Ya tatu, watu wa dini wenye vijitabu. Hao nilisema karibu na wakakaribia kweli, wakakaa saa nzima. Nilipowaambia nina kazi jikoni nilishangaa nani anaongea. Meneja alikuwa amesimama nusu mwili ndani ya pazia, nusu nje.

Wiki iliyopita yule mtu wa mita alirudi. Alikosea namba mara ya kwanza. Alipopiga hodi nilikuwa nimeshika ndoo, sikuwahi. Meneja akaweka jagi chini. Akafuta mikono kwenye fulana. Akaenda, akauvuta mlango kwa mikono miwili, akainua kichwa juu, juu, mpaka usoni kwa yule mtu.

"Kaibu," akasema.

Kisha akamshika suruali akamvuta mpaka kwenye kigoda chake mwenyewe, kile kidogo, akamkalisha. Mtu mzima na buti zake, magoti yamefika masikioni. Meneja akamimina maji, akampa. Yule mtu akanywa yote. "Mheshimiwa," akamwambia, "mimi ninaingia nyumba nyingi, mbwa ndio wananipokea." Meneja akachukua kikombe akakifuta kwa sponji, hana muda wa porojo.

Wifi hakuwepo. Nilimsimulia jioni, akasema "Eeh?", akaendelea kuvua viatu. Jina bado limeandikishwa.

Sasa jambo moja linanisumbua. Kwa kuwa nimeanza kuwa mtu jasiri, Jumamosi nilikupigia simu. Mimi, kwa hiari yangu. Ulipokea. Nikasema shikamoo Shangazi, ni mimi. Ukasema, "Mama pacha? Ada utaleta wiki ijayo, hakuna taabu." Nikasema tena. Ukasema na watoto wako wanasalimu sana, ukakata. Niliifunika simu kwa mto. Basi sauti yangu ni ndogo kiasi hicho? Watu wa mita wananisikia. Au wananionea huruma?

Konokono

20 Juni

Konokono wangu,

Marahaba. Barua hii ni fupi, na salamu za paa na fundi nitaziacha.

Sauti yako haina kosa lolote. Ni masikio yangu. Yalianza mwaka jana, la kulia kwanza, sasa la kushoto linalifuata kama kondoo. Simu kwangu ni mlio wa nyuki. Nikipokea ninabahatisha ni nani, na Jumamosi nilibahatisha vibaya. Baba yako sijamwambia, wala mtu yeyote, kwa sababu nilihofia wangesema nifunge darasa. Wewe ndiye wa kwanza, na ungekuwa hujapiga nisingekwambia pia. Sikuweza kuacha ulale ukidhani ni wewe.

Walioanza kujua ni watoto. Hakuna aliyewaeleza. Siku hizi mtoto akitaka kitu hanipigii kelele, anakuja ananigusa mkono, anangoja nigeuke, ndipo anasema. Yule mdogo kabisa alimfundisha mgeni juzi: akaushika mkono wa mzazi mmoja akauweka juu ya wangu. Kwa hiyo darasa linaendelea, na bado hakuna kelele, ila sasa nusu ya utulivu ni wangu mwenyewe.

Ukipata nafasi njoo unione. Sina haja ya mtu wa kupaza sauti. Hao ninao wengi.

Huyo "kaibu" nimemsoma mara nyingi. Wifi yako mwache. Watu wanaochoka huona polepole.

Shangazi yako

11 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikaikunja, nikatoka nje nikakaa. Siri yako iko salama, lakini naomba mwezi wa nane, nitakapokuja kwako na tukiwa wote, umwambie baba mwenyewe. Nitakuwepo, nitakuwa nimeketi upande wa sikio lako la kushoto. Kiwanda kinafungwa wiki mbili kwa matengenezo, wifi atakuwa nyumbani na mtoto, na kaka amesema lori linapita njia ya kwenu. Matokeo bado. Mama amepata mashine yake, ikiwa na sindano ya mtu mwingine.

Sasa nikupe ya Jumapili.

Wifi alikuwa amejilaza kwenye mkeka, mkono juu ya macho. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, mlango uko wazi, na nakuapia sikupanga kitu. Meneja alikwenda kwenye rafu, akatoa trei ya vitambaa, akaiweka mbele ya mama yake. Akaketi. Akangoja. Wifi akaondoa mkono machoni.

Mtoto akachukua kitambaa, akakitandaza. Pembe kwa pembe, akapitisha kiganja. Pembe kwa pembe tena, kiganja. Wifi akaanza, "Lete, baba, nikusaidie," mkono umeshatoka, kisha sijui nini kilimpata, akaurudisha mapajani. Akatazama mpaka mwisho. Alipomaliza, Meneja akakikunjua chote kama si kitu, akamsogezea. Zamu yako.

Wifi, Shangazi, anakunja mashati kutwa, mikono yake huwezi kuifuata kwa macho. Akakunja mara moja, fyatu, akarudisha. Meneja akakitazama. Akakikunjua, akamrudishia.

Wifi akanitazama kule jikoni. Nilikuwa nimeuma shavu nisicheke. Basi akaketi vizuri, akakunja miguu, akaanza upya. Polepole. Pembe, kiganja. Pembe, kiganja. Meneja akakipokea, akakikagua pande zote, akakiweka kwenye trei.

"Kiwandani kwa mwendo huu," wifi akasema bila kuinua kichwa, "ningefukuzwa kabla ya chai."

Akapewa cha pili. Akakikunja. Sijawahi kumwona amekaa muda mrefu hivyo bila kutazama saa. Nilikuwa nimesahau maji yanatiririka, nikafunga bomba.

"Wifi."

"Abee."

"Kesho nikitoka kazini nitapita kwa yule mama. Nafasi yake ampe mwingine."

"Asante, wifi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema asante."

"Basi usinipigie kelele," akasema, "nimesikia." Na Meneja akamsogezea kitambaa cha tatu.

Mtoto wa kaka yako,
Konokono